Mlango Tuliouacha Wazi

Uligeuza uso. Usianze kubisha, maana karibu wote waligeuza, na wewe huna tofauti nao. Kulungu jike alipotoka kwenye sakafu ya jikoni kwetu akatumbukia kwenye maji marefu, mmoja aliinama kutafuta kofia yake, mwingine akaanza kuhangaika na mfuko wa krispi uliokuwa haufunguki, na wewe, ambaye hukuwamo botini, ulikuwa kwako ukisoma habari nyingine. Nimekaa miaka mingi nikitazama watu wanavyogeuza uso, na namna zake zote nazijua. Kuna wa kukohoa. Kuna wa kutazama saa. Kuna wa kusema "inasikitisha sana" kisha akaomba apitishiwe chumvi. Safari hii nimekushika kidevu. Tazama huku.

Ilikuwa asubuhi ya Februari, na mimi, Nelda Stroud, niliyezaliwa kwenye maji ya Everglades, niliyejua kusimama ndani ya mtumbwi kabla sijajua kuvuka barabara, nilikuwa nimesimama nje ya moteli ya bei poa karibu na uwanja wa ndege wa Miami nikisubiri basi dogo la watalii. Nilivaa kofia ya ukili yenye picha ya heroe na miwani ya jua iliyomeza nusu ya uso. Mkononi nilishika tiketi ya nusu siku, ile ya chini kabisa, ya kuponi: kwenda na kurudi, mkate wa bata mzinga, chungwa moja, mwendo wa boti ya feni, na ahadi kwa herufi nyekundu kwamba mamba lazima utamwona.

Ningeenda na gari langu mpaka gatini wangenifukuza kabla sijazima injini. Mwenye kampuni ya boti alikwisha kutamka mbele za watu kwamba nikikanyaga mbao zake ataita polisi, kwa sababu nilisimama kwenye mkutano wa maji nikasema anauza tiketi za kutazama maiti za wanyama wetu. Sikujuta kusema hivyo, wala sijajuta mpaka leo. Kilichoniuma ni kwamba Rayburn, kijana wa marehemu kaka yangu Doyle, ndiye aliyekuwa akiiendesha boti ile ya maiti, naye alikuwa ukumbini, mstari wa nyuma, akanisikia. Tangu siku hiyo Rayburn hakunipigia simu, na watoto wake hawakuja tena kwangu Jumapili.

Basi nikawa mgeni. Nikakaa kwenye basi karibu na mama mmoja wa Ohio, Marjean, mjane mwenye jaketi la mvua la manjano alilolikunja vizuri mapajani ingawa mbingu ilikuwa nyeupe kwa jua. Aliniuliza kama ni mara yangu ya kwanza. Nikamwambia ndiyo, kwa namna hii ni mara ya kwanza. Akaniambia mumewe alitaka sana kumwona mamba kabla hajafa, wakaahirisha, wakaahirisha. Mguu wangu wa kulia ulikuwa ukitikisika wenyewe, kama unatafuta pedali.

Nikueleze kwa nini nilijitia upuuzi ule, ili usije ukasema hukuelewa.

Kaskazini ya barabara kuu maji yetu yamezungushiwa matuta. Yanaingizwa humo na kutolewa kwa milango ya chuma, na wanaoamua milango ifunguke lini ni watu wa mashati yaliyopigwa pasi. Mwaka ule mvua ilimwagika wakati wa kiangazi, msimu ambao maji hupaswa kuwa yanashuka na kulungu wanazaa. Milango ikabaki imefungwa. Wa kusini walikuwa na sababu zao, wa nyumba mpya za mashariki, waliojenga walipojenga, hawakutaka maji kwenye vibaraza vyao, kila mtu alikuwa na sababu yake iliyokatwa vizuri kama ukucha. Visiwa vya miti, yale mabonge ya ardhi kavu katikati ya nyasi za msumeno ambako kila kiumbe chenye miguu hukimbilia, havikuwa na wa kuvisemea ila sisi tuliozaliwa juu yake, na sisi tunapewa dakika tatu kwenye kipaza sauti.

Nilizitumia dakika zangu. Nikawaambia visiwa vinazama. Wakajibu kwamba vipimo vyao vinaonyesha sakafu za visiwa bado ziko juu ya maji. Nikawaambia vipimo vyenu viko mferejini. Wakauliza, kwa upole wa mtu anayekuona kichaa, kama kuna yeyote aliyefika akaona kwa macho. Nani angefika? Maji yakizidi, eneo lote hufungwa kwa wenyeji, kwamba boti zetu zisije zikawashtua kulungu waliodhoofika. Na hilo, nitasema kweli, ni jambo la haki; baba yangu alikuwa akilifanya kabla ya wao kulifikiria. Lakini kampuni yenye mkataba iliachiwa njia yake. Mimi nisipite kwenda kisiwani kwa baba yangu. Mtu wa Ohio apite, ana kuponi.

Wiki iliyofuata wangekaa tena kuamua juu ya milango. Nilitaka kitu kimoja tu: kuliona jiko la mama. Lilikuwa jiko zito la chuma, lenye mlango wa oveni uliopinda, juu ya sakafu ya mbao kwenye sehemu ya juu kabisa ya kisiwa chetu. Baba alilileta kwa mitumbwi miwili iliyofungwa pamoja, na tangu alipoliweka, maji hayakuwahi kuligusa mguu, hata miaka ya tufani. Kama maji yamefika jikoni, hakuna kisiwa kilichobaki.

Gatini Rayburn alikuja amevaa mkufu wa meno na kofia ya ngozi iliyochakaa kwa makusudi. Kwenye kazi ile aliitwa Kapteni Jino. Mwembamba, macho ya Doyle, kicheko cha kukodi. Akapita mstari mmoja mmoja akidondosha vizibo vya masikio kwenye viganja vya watu, na alipofika kwangu mkono wake ukasimama hewani. Kidole gumba changu cha kushoto hakina kucha; samaki wa mdomo mrefu alikichukua nikiwa msichana, na Rayburn mdogo alikuwa akipenda kukishika kila akilala. Kofia na miwani vilifunika kila kitu isipokuwa hicho.

"Huyu mama yetu ni mgeni kabisa," akawaambia wenzangu kwa sauti ya Kapteni Jino. "Inaonekana hajawahi kuona maji zaidi ya ya bomba. Aketi mbele, ndiko matope yanakorukia."

"Asante, kapteni," nikasema. "Nimeambiwa unajua kusema kuliko kuendesha."

"Naendesha pia, siku nikikosa wa kunikosoa."

Watu wakacheka. Yeye akainama kukipangusa kiti changu, na kwa sauti yake halisi, chini kwa chini, akasema, "Shangazi, nina watoto."

"Najua," nikamwambia. "Nimewafunga nepi."

Akainuka, akapanda kwenye kiti chake kirefu mbele ya feni, akaiwasha. Ukishasikia feni ile mgongoni mwako, injini ya ndege iliyofungwa nyuma ya sahani ya bati, huna tena neno la kusema wala la kusikia. Tukaondoka. Nyasi zikalala mbele yetu na kuinuka nyuma kama watu kanisani. Nilifikiri nitakuwa na hasira tu, lakini mwili una kumbukumbu zake zisizoomba ruhusa: kila alipokata kona nilijikuta nimeegemea kabla ya boti kuegemea, na mguu wangu wa kulia ukaikanyaga sakafu. Marjean alinitazama. Labda hapo ndipo alipoanza kunishuku.

Mamba hawakuwepo. Mimi ningeweza kuwaambia hivyo kule motelini. Maji yakipungua, mamba hukusanyika kwenye madimbwi kama wazee kwenye kivuli; yakijaa, ana dunia nzima ya kuzurura, atakusubiri wewe na tiketi yako kwa lipi? Rayburn alizunguka, akazima, akaguna kooni ule mguno wa mtoto wa mamba aliofundishwa na babu yake, akasubiri. Kimya. Ndege mmoja mweusi akakausha mabawa yake akitutazama kwa dharau. Akawasha, akaenda kwingine, akaguna tena. Jamaa mmoja wa mstari wa pili, mnene, mwenye shati lililochorwa miwari, wale ndege wa mfuko mdomoni, akaanza kuuliza kwa sauti kama kuguna kule ndiyo mamba wenyewe tulioahidiwa. Wenzake wakacheka. Mkewe akamwambia akae vizuri. Hakukaa. Alikuwa mtu wa kukosa raha, akigeuka huku, akigeuka kule, na sitamsema sana kwa hilo, kwa sababu hata mimi nilikuwa hivyo hivyo. Kila kisiwa tulichopita nilihesabu miti iliyopukutika majani. Mizizi ikikaa majini muda mrefu, mti hufa umesimama.

Ndipo kikatokea kisiwa chetu, mbali kushoto, na paa la bati limeshika kutu kati ya matawi. Rayburn akapunguza injini mpaka ikabaki kukoroma. Akavua kofia. Nikadhani ataheshimu.

"Pale," akasema, "aliishi mzee mmoja akiitwa Ancel. Alikuwa na jiko la chuma, mdomo wake mpana kama kaburi. Watu walipita hapa jioni, wakasikia harufu ya nyama ikikaangwa, wakaona bora waingie kusalimia. Waliosalimia hawakutoka. Mpaka leo hakuna mwenyeji anayekanyaga pale. Hata mimi sipiti karibu, na nalipwa."

Ancel ni baba yangu. Babu yake yeye. Alichokaanga kwenye jiko lile ni miguu ya vyura, na aliwalisha wote waliopita, mpaka askari wa wanyamapori waliokuja kumkamata kwa ngozi za mamba. Walikula kwanza, wakajipangusa midomo, ndipo wakamkamata. Mikono yangu ilitafuta kitu cha kuvunja. Nimetukanwa na wenye suti na sikutikisika, lakini kumsikia mtoto wa nyumbani akimuuza babu yake kwa watu wanaotafuna krispi, hapo damu ilinipanda mpaka masikioni, kwenye vile vizibo.

Na hapo hapo yule wa shati la miwari akapiga goti lake kwa furaha. Akasema hiyo sasa ndiyo safari. Mamba hakuna, basi tukalione jiko. Wengine wakaunga mkono. Rayburn akasema hairuhusiwi. Wakasema wamelipa. Akasema kuna nyoka. Wakafurahi zaidi. Nikauona uso wake ukibadilika, lakini sikuijua maana yake. Niliona tu mlango ambao miaka yote ya dakika tatu tatu haikuniwezesha kuufungua, sasa unasukumwa na mtu aliyekosa mamba. Nikainua mkono kama mtoto darasani.

"Hata mimi, kapteni," nikasema. "Ningependa sana kuliona hilo jiko."

Alivaa tena kofia yake. Kisha akageuza usukani.

Hapa pana jambo la kwetu ambalo sharti ulijue. Maji yakipanda, sisi tulihama. Hatukubishania kisiwa na wanyama. Baba alisema sisi tuna barabara, wao hawana. Tulichukua chumvi, bunduki na blanketi, na jambo la mwisho, alilifanya baba mwenyewe, ni kuuacha mlango wazi na kuufunga kwa nyuma kwa kamba ili upepo usiufunge. Aingie atakayeingia: panya, sungura, nyoka, kulungu. Maji yakishuka tulirudi tukafagia kinyesi, na mama alilalamika wiki nzima, na mwaka uliofuata aliuacha wazi vilevile. Na hakuna aliyekikaribia kisiwa chenye maji kwa injini. Unazima mbali, kwenye ukingo wa mayungiyungi, unaingia kwa upondo, na husemi. Alama ya kuzima ilikuwa kiganja juu ya kichwa, maana nani angesikia sauti?

Tulipofika kwenye mayungiyungi sikufikiri. Kiganja changu kilipanda chenyewe, kikatua juu ya ile kofia ya heroe. Na Rayburn, nyuma yangu, juu ya kiti chake, hakufikiri pia. Akazima.

Kimya kiliingia botini kama mtu wa kumi na tatu. Nikasikia maji yakigonga bati. Rayburn akashuka, akachukua upondo uliofungwa ubavuni, akaanza kutusukuma taratibu, upondo ukizama na kutoka, na hakuna aliyemuuliza kwa nini. Watu wengine, ukiwapa kimya cha kweli, hukishika kwa mikono miwili. Tukapita chini ya tawi. Tukapita mahali palipokuwa bustani ya mama ya viazi vitamu, upondo ukazama mpaka mkononi mwake.

Nikaona mlango.

Ulikuwa wazi. Umefungwa kwa nyuma kwa kamba ya buluu, mpya. Nikaitazama kamba ile, kisha nikaitazama kamba ya kufungia boti yetu pale kwenye pua. Zilikuwa kamba za aina moja. Nikavua miwani.

"Ulikuja," nikamwambia.

"Kabla ya Krismasi. Usiku, kwa mtumbwi." Hakunitazama. "Nani mwingine angeufungua?"

"Na huo upuuzi wa kula watu?"

"Nilitaka waogope, shangazi. Nilidhani mtu akiambiwa mahali pana mla watu, hatataka kwenda." Akasukuma tena. "Kila siku wanataka kwenda."

Hilo ndilo kosa la watu wa kwetu. Kwetu sisi, mahali pabaya mtu hupaepuka, anashusha sauti, anapita. Hatukuwahi kufahamu kwamba kuna watu ambao ubaya wa mahali ndio unawafanya wakate tiketi.

Boti ikaingia jikoni. Nasema ikaingia, maana upande wa mkondo haukuwahi kuwa na ukuta, mlango ni wa upande wa bustani. Baba alipenda mama akikaanga aone mkondo. Maji yalikuwa juu ya sakafu, meusi, yametulia kama chai ya jana. Kulungu walikuwa wamesimama humo. Walisimama wamekaribiana, maji yamefika matumboni, mbavu zao unazihesabu, na ngozi ya miguu ilikuwa imeanza kuwatoka pale maji yalipoikata. Walitutazama. Hakuna aliyekimbia.

"Wapole jamani," mke wa yule jamaa akanong'ona. "Wamefugwa?"

Rayburn akafungua mdomo, Kapteni Jino akatoka nusu, akarudi ndani. "Hapana, mama," akasema. "Hawana nguvu."

Na juu ya jiko la mama, kwenye bamba la chuma ambalo ukubwa wake ulitosha masufuria manne, mahali pekee pakavu katika kisiwa kizima, alikuwa amejikunja mtoto wa kulungu mwenye madoa. Mama yake alisimama mbele ya mlango wa oveni, shingo ameilaza ukingoni mwa bamba, kama mwanamke aliyesinzia akibembeleza. Maji yalikuwa yameupita ule mlango uliopinda. Nilikuwa nimekuja kuona hayo. Nimeyaona. Kwa muda kidogo nilihisi furaha ya mshindi, na nikaionea aibu.

Simu zikatoka. Hilo nilikuwa tayari kulivumilia, hata kulitaka. Lakini yule wa shati la miwari hakuridhika, kwa sababu kulungu jike alikuwa ameinamisha kichwa na yeye alitaka macho. Akapiga makofi. Mara mbili tu, makofi makavu, kama unavyomwita mhudumu.

Jike akaruka. Sijui nguvu aliitoa wapi. Aliruka kutoka sakafuni, akapita ubavuni mwa boti akitulowesha wote, akaangukia kwenye mkondo ambako hakuna chini. Aliogelea. Kulungu ni muogeleaji hodari, nimewaona wakivuka mifereji kama mzaha. Huyu aliogelea kidogo, kisha akawa anaogelea mahali pamoja. Na mamba aliyeahidiwa kwenye tiketi, ambaye asubuhi nzima hakuitika kwa mguno wa Rayburn, akaja bila kuitwa, bila haraka, pua na macho tu, mstari ulionyooka juu ya maji.

Hapo ndipo mlipogeuza uso. Jamaa wa makofi alikuwa wa kwanza. Akainama chini ya kiti, akipapasa, akisema kofia yangu, kofia yangu, na kofia ilikuwa kichwani. Marjean peke yake hakugeuka. Alitazama mpaka maji yakatulia, na alipomaliza kutazama akageukia jiko.

"Huyu je?" akauliza.

Rayburn akasema kwa sauti ndogo kwamba sheria inakataza kumgusa. Marjean akasema hajauliza sheria inasemaje. Akalikunjua lile jaketi la manjano. Rayburn akanitazama, nikamtazama, akaisukuma boti mpaka ikagusa chuma. Chini ya maji ukasikika mlio wa bati na jiko, mlio wa jikoni kabisa, kama sufuria inatuliwa. Nikamshika mtoto yule kwa mikono yangu. Alikuwa mwepesi kuliko ile kofia ya ukili. Nikampa Marjean. Tukarudi kwa upondo mpaka kwenye mayungiyungi, na hata huko Rayburn alichelewa kuwasha.

Njia nzima hakuna aliyekula. Marjean alimkumbatia chini ya jaketi, kidevu chake juu ya madoa, midomo ikitembea. Sikusikia alikuwa akisema nini, feni ilikuwa inanguruma. Tulipofika gatini mtoto alikuwa bado ana joto, lakini lilikuwa joto la mapaja ya Marjean. Aliendelea kuketi mpaka basi lilipopiga honi.

Wote waliniambia wataandika. Walinishika mkono, kidole kisicho na kucha na vyote. Jamaa wa makofi kweli aliandika, kwenye ukurasa wa kampuni: mamba ameonekana akiwinda, thamani ya pesa, nyota tano.

Rayburn alifukuzwa kazi jioni ile ile, kwa kutoka kwenye njia. Wiki iliyofuata alikuja mkutanoni bila mkufu, amevaa shati la Doyle. Marjean alikuwa ameketi tayari. Alikuwa ameahirisha ndege, na jaketi lilikuwa mapajani mwake, limekunjwa. Nilitaka kuzungumza mimi, unanijua. Rayburn akanigusa bega, akaenda kwenye kipaza sauti. Dakika tatu alizopewa hakuzimaliza. Alisema, "Sisi tuliacha mlango wazi. Waliingia. Hapakuwa na pa kusimama." Akaweka kiganja pajani kuonyesha maji yalimfika wapi aliporudi usiku kwa mtumbwi kulipapasa jiko kwa mkono, akarudi kuketi. Mmoja wa wale wa mezani alianza kutazama saa, akaona Marjean anamtazama, akaacha.

Milango ilifunguliwa. Nusu, na kwa kuchelewa, lakini ilifunguliwa, na mwezi wa Mei tulifagia jiko. Watoto wa Rayburn walisugua kutu. Tulikaanga vyura.

Sasa sikia, maana sikukushika kidevu ili nikupe hadithi. Hii ni Februari nyingine. Mvua imenyesha majuma mawili, milango imefungwa tena, walewale wanasema vipimo viko sawa, na jana Rayburn alirudi na mtumbwi amelowa mpaka kiunoni. Kamba ya buluu ameifunga. Mkutano ni Alhamisi, saa kumi na mbili jioni, ukumbi ulio nyuma ya kituo cha zimamoto. Viti ni vya kukunja, vinauma mgongo, na vingi huwa vitupu. Pole zako sizihitaji, usiniandikie. Ukiwa mbali mno, basi kuna mlango wa maji karibu na kwako pia, na kuna mtu anayeamua. Nenda kamuulize, usoni, kabla ya giza. Ukiwa karibu, nimekuwekea kiti cha pembeni ya Marjean, amekwisha kurudi.

Vaa viatu. Njoo.